Kadi Yako, Vipimo vya Kadi Nyingine

Desemba 2010 kampuni ya AMD iliingiza sokoni kadi mbili za michoro kwa mpigo: Radeon HD 6970 na mdogo wake wa bei nafuu, HD 6950. Chipu ilikuwa ileile. Ila kwenye 6950 sehemu yake ilifungwa kiwandani, ikabaki na vichakataji vidogo 1,408 badala ya 1,536. Haukupita muda mrefu habari ikaenea kwa wapenzi wa kompyuta: chukua programu dhibiti ya 6970, iandike ndani ya 6950, zima na uwashe, na vichakataji 128 vilivyokuwa vimelala vinaamka. Mtu aliyelipa dola 299 akajikuta na kadi ya dola 369.

Habari hiyo ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli imewaponza wengi waliokuja baadaye. Inaposimuliwa, mambo mawili huachwa nyuma. La kwanza ni kwamba 6950 za mwanzo zilikuwa na swichi ndogo na nakala mbili za programu, moja ya kuandikwa na nyingine iliyofungwa isiguswe. Ukiharibu ya kwanza, unasogeza swichi na kadi inafufuka. La pili ni kwamba bodi zenyewe hazikuwa sawa. Kumbukumbu za 6950 zilikuwa za daraja la chini, na umeme uliingia kwa plagi mbili za pini sita, wakati 6970 ilikuwa na moja ya pini sita na moja ya pini nane. Programu ya 6970 haikuyajua hayo. Iliziamuru kumbukumbu zikimbie kwa kasi ya kaka mtu. Kadi nyingi zilistahimili, nyingine zikaanza kutoa madoa kwenye skrini na kuganda katikati ya gemu. Ndipo wajuzi wakabadili njia: wakabaki na programu asilia ya 6950, wakahariri ile sehemu tu inayofungua vichakataji.

Programu dhibiti ya kadi, ambayo mafundi wengi huiita BIOS, ni faili dogo lililohifadhiwa kwenye chipu yenye miguu minane pembeni mwa bodi. Kadi ikipata umeme, hilo ndilo la kwanza kusomwa. Ndani yake mna kasi ya chipu, volti inayoruhusiwa, kiwango cha juu cha wati, joto ambalo feni zitaanza kuzunguka, ratiba za kumbukumbu zilizopangwa kulingana na aliyezitengeneza, awe Samsung, Hynix au Micron, na orodha ya matundu ya kuchomekea skrini. Kila kampuni huiandika kwa ajili ya bodi yake. Gigabyte na MSI huweza kununua chipu moja kutoka kiwanda kimoja, kisha kila mmoja akajenga mfumo wake wa umeme, akafunga feni zake na kuchagua kumbukumbu zake. Kuhamisha programu ya mmoja kwenda kwa mwingine kwa sababu jina la kadi ni lilelile ni sawa na kumpa fundi cherehani vipimo vya Juma mwingine.

Kinachoogopwa zaidi ni kadi kufa papo hapo. Umeme ukikatika wakati wa kuandika, au faili likiwa silo, skrini inabaki nyeusi. Kuandika kwenyewe huchukua muda mfupi sana, lakini anayeishi mtaa wenye mgao wa umeme anajua kwamba muda mfupi unatosha. Hata hivyo, kifo cha namna hii mara nyingi kina dawa. Ukiwa na kadi ya pili, au kichakataji chenye michoro yake ya ndani, unawasha kompyuta kwa njia hiyo na kuandika upya programu asilia, ilimradi uliihifadhi kabla ya kuanza. Hilo likishindikana, kuna kifaa kidogo cha bei rahisi kiitwacho CH341A, chenye kibano kinachoishika ile chipu moja kwa moja. Nacho kina mtego. Baadhi ya chipu za kadi mpya hutumia volti 1.8, na kifaa hicho bila adapta yake hupeleka volti 3.3 au zaidi. Fundi aliyekuja kuokoa anaweza kuichoma chipu aliyoishika.

Ninachokiogopa mimi zaidi ni kadi isiyokufa. Inawaka, inaendesha gemu, mwenyewe anafurahi, huku bodi inabeba mzigo ambao haikujengewa. Tundu la kadi kwenye bodi mama hutoa wati 75, plagi ya pini sita wati 75, ya pini nane wati 150. Hesabu hizo ndizo mhandisi alizotumia kupanga nyaya na transista za bodi. Programu iliyotoka kwenye kadi ya kifahari yenye plagi mbili za pini nane inaweza kuruhusu matumizi ambayo bodi yenye plagi moja haikupangiwa. Mipaka inayowekwa humo ndiyo breki yenyewe, na aliyeibadilisha ameiondoa. Feni nazo zinaweza kuzunguka taratibu kuliko inavyotakiwa, kwa sababu programu inadhani kadi ina kipoza joto kikubwa zaidi. Kidhibiti cha volti kikiwa cha aina nyingine, hata namba za joto unazosoma kwenye skrini zinaweza zisiwe za kweli. Wakati mwingine dalili ni ndogo tu, tundu moja la HDMI halifanyi kazi tena, na mwenye kadi anahangaika na nyaya siku nzima.

Hata watengenezaji wenyewe wamepitia hapa. Januari 2020, AMD ilipokuwa ikizindua RX 5600 XT, ilitoa programu mpya siku chache kabla ya mauzo kuanza, ili kadi hiyo ishindane vizuri zaidi na RTX 2060 ya mshindani wake NVIDIA, iliyokuwa imeshushwa bei. Programu hiyo iliruhusu kumbukumbu kupanda kutoka gigabiti 12 kwa sekunde hadi 14. MSI ikaonya kwamba si kumbukumbu zote zilizokwisha kufungwa kwenye bodi zake zingeweza kuhakikishiwa kasi hiyo. Kama mwenye kiwanda, aliyeshika orodha ya kila kipande, anasita, anayepakua faili la kadi asiyoijua ana dhamana gani?

NVIDIA ilijaribu kufunga mlango kwa kuweka saini za kidijitali tangu enzi ya kizazi cha chipu zake kiitwacho Maxwell, ili kadi ikatae programu iliyochezewa. Mwaka 2023 zikatoka zana mbili, OMGVflash na NVflashk, zilizowezesha kuvuka baadhi ya vizuizi hivyo na kupeleka programu ya kampuni moja kwenye bodi ya kampuni nyingine. Wengi walishangilia. Kwangu mimi, kizuizi kile kilikuwa kikimlinda mtu mmoja ambaye hakuwepo kwenye mjadala: mnunuzi wa pili.

Kwetu Afrika Mashariki mnunuzi wa pili ndiye wengi wetu. Kijana wa Kariakoo au Luthuli Avenue anayejenga kompyuta ya kuhariri video hununua kadi iliyotumika, na mara nyingi hajui ilitumikaje. Miaka ya uchimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum kwa kadi za michoro, wachimbaji walizihariri ratiba za kumbukumbu kwenye kadi kama RX 570 na RX 580 ili zichimbe haraka. Uchimbaji unaweza kuendelea hata kumbukumbu zikikosea hapa na pale, lakini gemu au kazi ya video haivumilii. Ethereum ilipoacha uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, kadi hizo zilimiminika sokoni, nyingine zikiwa bado na programu ya mchimbaji. Mnunuzi akizichomeka kwenye kompyuta ya Windows, anaweza kukuta dreva ya AMD inakataa kuanza kwa sababu programu haina saini halali.

Mbaya zaidi ni udanganyifu wa makusudi. Kadi za kale kama GTS 450 na GTX 550 Ti, za mwaka 2010 na 2011, ziliandikwa programu inayozitambulisha kuwa GTX 1050 Ti, zikauzwa mtandaoni kama mpya. Kompyuta inaonyesha jina lililoandikwa, na mnunuzi anaamini macho yake mpaka atakapoweka dreva mpya. Wizi huo ulienea kiasi kwamba mwaka 2018 programu ya bure ya GPU-Z iliongezewa uwezo wa kulinganisha jina na chipu halisi, na kuandika FAKE mbele ya jina la kadi ya uongo.

Kwa hiyo usilipe kabla kadi haijawashwa mbele yako. Fungua GPU-Z, tazama idadi ya vichakataji, aina ya kumbukumbu na toleo la BIOS, kisha linganisha na namba zilizochapishwa na kampuni iliyotajwa kwenye stika ya nyuma. Omba iendeshwe chini ya mzigo mzito kwa dakika kadhaa huku ukitazama feni, na jaribu kila tundu la skrini. Na kama wewe ndiye unayeuza, na uliwahi kuiandikia programu nyingine, mweleze mnunuzi, rudisha programu ya kiwandani, na umpe nakala yake kwenye flashi diski pamoja na kadi.