Wazee wa vita nao wana wakili wao!

VIJANA wa Sumbawanga mnanichekesha. Kila ninayemkuta kijiweni anataka kusomea sheria, na ukimuuliza sababu anakuhesabia suti na magari. Sikatai, pesa tamu. Lakini leo nawaletea wakili ambaye wateja wake walikuwa vikongwe wa kijijini.

Anaitwa Paul Muite wa Kenya. Mwaka 1991 alichaguliwa mwenyekiti wa Chama cha Wanasheria, akaivaa serikali ya Moi bila woga. Mwaka 1992 akaingia bungeni. Angeweza kutulia ale kuku wake. Wapi! Akawa mshauri wa sheria wa wapiganaji wa zamani wa Mau Mau.

Kazi haikuwa lelemama. Kisheria Mau Mau ilibaki marufuku hadi 2003. Mwaka 2009 wazee watano, wakiwa na mawakili wa Leigh Day wa London, waliishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya kambini miaka ya 1950. Mmoja akafariki kesi ikiendelea. Waingereza wakang'ang'ania kwamba muda umepita mno.

Kumbe makaratasi yapo! Mwaka 2011 ikafichuka kuwa mafaili ya kikoloni yalikuwa yamefichwa Hanslope Park. Oktoba 2012 jaji akasema kesi isikilizwe. Tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ikaeleza masikitiko yake na kukubali kutoa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa wazee 5,228.

Yanatuhusu nini sisi wa Ufipa? Mengi tu. Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, ilitekwa na Waingereza 1916. Novemba 1918 Lettow-Vorbeck akasalimu amri Abercorn, yaani Mbala ya leo, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita ile, nani aliwaandikia karatasi?

Babu yangu mwenyewe alikwenda Burma na KAR. Cheti chake kililiwa na mchwa. Alipokwenda kuuliza haki yake ofisi fulani, akajibiwa, "Mzee, bila cheti hakuna jambo, njoo kesho." Kesho hiyo hakuiona.

Waliopigana na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979 bado tunao, na wanazeeka. Basi wewe mwanasheria mtarajiwa, suti itakuja tu. Wiki hii nenda kwa mzee wako Matai au Laela, muulize vyeti vyake viko wapi, vitolee kopi, halafu vifunge kwenye nailoni. Siku ya kesi, jaji hatauliza mzee alilia kiasi gani. Atauliza karatasi.