Takwa kwa Maji Yajaayo

Enyi wazazi, mkitaka kuwatembeza watoto kwa mashua siku ya mapumziko, wapelekeni Takwa, kisiwani Manda, mkabala na Lamu. Nendeni kundi dogo la jamaa, kwani ndilo lenye sitara na utulivu.

Mkono wa bahari uendao huko hupita kati ya mikoko, na huingilika maji yakijaa tu. Yakipwa, chombo hukwama topeni. Basi mwulizeni nahodha saa za maji kabla ya kumwuliza nauli. Asiongeze abiria, na kila mtoto avae jaketi la kuokolea maisha, ijapokuwa bahari ni shwari. Kutawakali si kuacha tahadhari.

Huko mtauona msikiti wa kale, na nguzo imesimama juu ya ukuta wa kibla. Wenyeji waliuhama mji ule katika karne ya 17, na watu wa Shela bado huuzuru kuomba mvua. Ng'ambo ya magofu kuna ufuo wa bahari kuu. Watoto wasiachwe peke yao.

Adhuhuri iswaliwe rakaa nne kamili, kwani mwendo huo haufiki marhala mbili. Kisha rudini mapema. Maji yakijaa hupwa; na miji, kama Takwa, ni vivyo hivyo.