Malkia Victoria: Alilala chumba kimoja na mamake hadi siku alipokuwa malkia

Kama unaona mzazi wako anakubana kwa sababu anakupigia simu saa mbili usiku kuuliza uko wapi, hebu skiza ya huyu msichana. Hadi alipofika miaka 18, hakuwa na chumba chake cha kulala. Hakuruhusiwa kushuka ngazi bila mtu kumshika mkono. Marafiki? Walichaguliwa na wakubwa.

Jina lake unalijua vizuri. Ukisimama ufuoni Kisumu, liko mbele yako: ni Victoria, malkia wa Uingereza ambaye mpelelezi John Speke alilipa ziwa letu jina lake. Lakini kabla ya hayo yote alikuwa tu Drina, mtoto wa mjane mwenye madeni.

Hadithi inaanzia kwenye msiba. Mwaka wa 1817, Charlotte, mjukuu wa pekee wa ndoa wa Mfalme George III, alifariki baada ya kujifungua mtoto aliyekufa. Ghafla ufalme ukawa hauna mrithi wa kizazi kipya. Wana wa mfalme, wengine wakiwa wamepita umri wa kuoa kitambo, wakaanza mbio za kutafuta wake.

Edward, mwana wa nne, alikuwa na miaka 50 alipomwoa mjane Mjerumani mwenye watoto wawili. Wadeni walikuwa wanamkaba hadi akahamia Ujerumani, ambako maisha yalikuwa nafuu. Mkewe aliposhika mimba, alimsafirisha kwa gari la farasi hadi Uingereza ili mtoto azaliwe huko. Victoria akazaliwa katika kasri la Kensington, London, Mei 24, 1819, akiwa wa tano kwenye foleni ya kurithi kiti.

Miezi minane baadaye, babake akafa kwa nimonia. Siku sita tu zikapita, babu yake mfalme naye akafuata. Mama akabaki ugenini na mtoto mchanga, Kiingereza cha kuungaunga, na madeni ya marehemu. Isingekuwa kakake, Leopold, kumpa pesa, wangesota kabisa.

Hapo ndipo anaingia John Conroy, mwanajeshi aliyekuwa msaidizi wa marehemu. Jamaa alikuwa na hesabu zake. Amini zake walikuwa wanafariki bila kuacha mrithi. Iwapo Victoria angerithi kiti kabla ya kutimiza miaka 18, mamake angetawala kwa niaba yake. Na mama alikuwa anamsikiza nani? Conroy!

Basi wawili hao wakaweka sheria kali ambazo baadaye ziliitwa Mfumo wa Kensington. Lengo lilikuwa kumfanya msichana awe mnyonge, asiyeweza kuamua jambo bila wao. Alicheza na wanasesere zaidi ya 100, mbwa wake Dash, na mlezi wake Mjerumani, Louise Lehzen. Alipoanza kuandika shajara akiwa na miaka 13, mamake naye alikuwa anaisoma.

Lakini mpango ulikwama mahali ambapo Conroy hakutarajia. Mwaka wa 1835, Victoria akiwa na miaka 16, aliugua vibaya mjini Ramsgate. Akiwa bado kitandani, Conroy akamletea karatasi aitie sahihi, aahidi kumfanya katibu wake binafsi akishakuwa malkia. Mama naye akashinikiza. Binti akakataa katakata. Hakupiga kelele wala kutoroka nyumbani. Hakutia sahihi, basi.

Mwaka uliofuata, ami yake, Mfalme William IV, alitangaza kwenye karamu, mama mtu akiwa ameketi papo hapo, kwamba anaomba aishi miezi tisa zaidi ili mwanamke huyo asipate nafasi ya kutawala. Wageni waliduwaa. Na kweli mzee akajikaza. Victoria alifika miaka 18 mnamo Mei 24, 1837. Mfalme akafa Juni 20, siku 27 baadaye.

Saa kumi na mbili alfajiri, mama alimwamsha: Askofu Mkuu wa Canterbury yuko chini, anataka kumwona. Victoria aliingia chumbani humo peke yake, na kwenye shajara yake akalikazia neno hilo. Siku hiyohiyo akaamuru kitanda chake kitolewe chumbani kwa mamake. Conroy naye akafungiwa mlango.

Ila usikimbilie kusema mama alikuwa mbaya tu. Fikiria mjane asiye na pesa, katika nchi ambayo shemeji zake hawampendi, na mwanamume mmoja tu anayemwambia atamsaidia. Hofu yake ilikuwa ya kweli, hata kama aliyefaidika nayo alikuwa mtu mwingine.

Wawili hao walikuja kupatana miaka mingi baadaye. Mama alipofariki mwaka wa 1861, Victoria alipitia vitu vyake na kugundua jinsi alivyompenda tangu utotoni. Alilia kwa wiki nyingi. Kumbe mzazi anaweza kukupenda sana na bado akakufungia mlango. Ukiwa na wako karibu, mambo hayo mawili yazungumzeni mapema.