Stadi za Kijamii na Kihisia kwa Wanafunzi: Somo Lisilofundishika kwa Fimbo

Shule hupimwa kwa matokeo ya mitihani, na mzazi humpima mwanawe kwa ripoti ya muhula. Vipimo hivyo vina umuhimu wake, lakini vinaacha maswali kadhaa bila jibu. Je, mtoto huyu anaweza kuizuia hasira yake anapochokozwa? Anaweza kusema kwamba ana hofu bila kuona aibu? Anaweza kulikataa shinikizo la rafiki? Akigombana na mwenzake leo, anajua namna ya kupatana naye kesho? Uwezo wa kuyatenda hayo ndio unaoitwa stadi za kijamii na kihisia.

Makala hii inaeleza stadi hizo ni zipi, zinahusianaje na ubongo na afya ya akili, na kwa nini mwenendo wa mtu mzima mbele ya mtoto ndio unaoamua kama zitaota mizizi. Mifano tunaichukua Ubaruku, katika Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, kwa kuwa maisha ya huko, yanayofuata msimu wa mpunga, yanafanana na ya wanafunzi wengi wa vijijini na wa miji midogo nchini.

Stadi tano na sura zake

Wataalamu huzigawa stadi hizi katika makundi matano: kujitambua, kujidhibiti, kuwaelewa wengine, kujenga mahusiano, na kufanya uamuzi wenye kuwajibika. Majina hayo yanaweza kuonekana mageni, lakini mambo yenyewe tunayaishi kila siku.

Mtoto aliyeamka alfajiri kwenda kufukuza ndege katika majaruba kabla ya masomo hufika darasani amechoka na mwepesi wa kukasirika. Akiweza kujiambia, "Nimechoka, simchukii mtu," amejitambua. Akivuta pumzi na kunyamaza badala ya kurusha ngumi, amejidhibiti. Bonde la Usangu limepokea watu wa makabila mengi, wakulima kwa wafugaji. Basi mwanafunzi anapoacha kuicheka lafudhi ya mgeni aliyehamia darasani, na kujiuliza mgeni huyo anajisikiaje, anajifunza kuwaelewa wengine.

Kuhusu mahusiano, wazazi wa Ubaruku wanayo shule yao wenyewe, nayo ni mfereji. Wakulima wanaotumia mfereji mmoja hulazimika kupeana zamu za maji, na wa chini huvuna kwa uaminifu wa wa juu. Anayeshindwa kuzungumza na jirani yake kwa utulivu huishia kwenye ugomvi, na mpunga wa wote wawili hukauka. Stadi ya mwisho, uamuzi wenye kuwajibika, huonekana msichana anapopima kama akubali lifti ya pikipiki kila siku kutoka kwa mtu asiyemdai nauli, au kijana anapoamua kama aache shule kwa sababu ya fedha ya kibarua cha mavuno. Stadi hizo humsaidia mtoto kuiona hatari mapema. Hazimwondolei lawama hata kidogo mtu mzima anayemrubuni.

Yanayotokea ndani ya ubongo

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo hutambua hatari upesi. Inapopiga kengele, mwili hutoa homoni za adrenalini na kotisoli: moyo hudunda, misuli hukaza, na mtu huwa tayari kupigana au kukimbia. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayopima, kupanga na kuzuia pupa. Sehemu hiyo huchelewa kukomaa; ukuaji wake huendelea hadi umri wa miaka ya ishirini na kitu.

Ukweli huo una maana mbili kwa mwalimu. Kwanza, kijana wa miaka 14 anayelipuka kwa hasira hajawa mtu mbaya. Breki zake bado zinaundwa, na huundwa kwa mazoezi ya kila siku, kama mwandiko. Pili, mtoto mwenye hofu hajifunzi vizuri. Ubongo unaosikiliza kama hatua za mwalimu zinamkaribia yeye huwa na nafasi ndogo ya kushika kanuni ya hesabu.

Watoto wengi hawana maneno ya kueleza hisia zao, hivyo mwili husema kwa niaba yao. Ndiyo maana mwanafunzi huletwa zahanati kwa maumivu ya kichwa au ya tumbo yanayojirudia, hasa asubuhi za siku za shule. Ni wajibu wa mganga kuchunguza magonjwa ya mwili kwanza. Yasipoonekana, swali linalofuata liwe: "Kuna jambo gani linalokusumbua nyumbani au shuleni?"

Ushahidi wa utafiti

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya uchambuzi wa programu 213 za shule, zenye wanafunzi zaidi ya 270,000, wengi wao wakiwa Marekani. Wanafunzi waliofundishwa stadi hizi walikuwa na mwenendo bora na msongo mdogo wa mawazo kuliko wenzao. Ufaulu wao pia uliongezeka: mwanafunzi wa katikati, aliye wa 50 kati ya 100 ukihesabu kutoka chini, angepanda hadi nafasi ya 61. Kwa hiyo hoja kwamba stadi hizi huiba muda wa masomo haina nguvu.

Karibu na kwetu, nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulihusisha vijana 413 wa sekondari wenye dalili za sonona au wasiwasi. Wengine walipewa vikao vinne vya vikundi vya mpango uitwao Shamiri, vikiongozwa na vijana waliopata mafunzo mafupi, wasio wataalamu wa tiba. Wengine walifundishwa mbinu za kujisomea. Dalili zilipungua zaidi kwa waliohudhuria Shamiri. Funzo lake kwa maeneo yenye wataalamu wachache wa afya ya akili ni kwamba kazi nyingi yenye manufaa inaweza kufanywa na mtu wa kawaida aliyeandaliwa vizuri.

Tanzania, Kenya na Uganda zilishiriki pia, mwaka 2022, katika upimaji wa ALiVE, uliowafuata majumbani vijana wa miaka 13 hadi 17 na kupima kujitambua, ushirikiano, heshima na utatuzi wa matatizo. Zana zake ziliundwa na wataalamu wa Afrika Mashariki wenyewe. Hivyo stadi hizi zinaweza kupimwa kwa vigezo vyetu, pasipo kuazima mizani ya watu wengine.

Fimbo na somo la pili

Hapa ndipo penye ugumu. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, ambao Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilishiriki, ulionyesha kuwa takribani robo tatu ya vijana walikuwa wamepata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Zaidi ya nusu walisema waliwahi kupigwa ngumi, mateke au kuchapwa na mwalimu. Mwezi Oktoba 2016, video ya mwanafunzi akishambuliwa na walimu wa mazoezi katika shule moja ya sekondari jijini Mbeya ilisambaa na kuihuzunisha nchi nzima. Lakini robo tatu ya vijana si tukio la siku moja. Hayo ni mazoea.

Waraka wa Elimu Namba 24 wa mwaka 2002 unaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa, vikitolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Msichana huadhibiwa na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina mwalimu wa kike. Kila mzazi na mwalimu anajua jinsi mipaka hiyo inavyovukwa.

Mwanafunzi anayechapwa kwa kuchelewa hupokea masomo mawili kwa pamoja. La kwanza ni "usichelewe". La pili halitamkwi, nalo hukaa zaidi: mwenye nguvu akikasirika hupiga, na asiye na nguvu hunyamaza. Hatuwezi kumfundisha mtoto kujidhibiti saa tatu, kisha saa nne tukamwonyesha mtu mzima aliyeshindwa kujidhibiti. Mtoto hufuata anachokiona.

Hatuwalaumu walimu. Wengi walilelewa hivyo, wanabeba madarasa yaliyofurika, na hawakufundishwa njia nyingine. Jambo la kutia moyo ni kwamba njia nyingine hufundishika. Katika jaribio lililofanyika katika shule za sekondari za serikali nchini na kuchapishwa mwaka 2018, walimu walipata mafunzo ya siku tano na nusu kuhusu kuhusiana na wanafunzi na kulinda nidhamu bila ukatili. Miezi michache baadaye, ukatili wa kimwili na wa maneno ulikuwa umepungua kuliko katika shule ambazo hazikupata mafunzo hayo.

Yanayowezekana darasani

Mitaala mipya iliyoanza kutekelezwa Januari 2024 inasisitiza umahiri na maadili, na hivyo mlango uko wazi. Mwalimu wa Ubaruku mwenye wanafunzi wengi na vitabu vichache anaweza kuanza na mambo manne.

Kwanza, aziite hisia kwa majina yake. Kiswahili ni tajiri: hasira, kinyongo, huzuni, simanzi, hofu, aibu, wivu, upweke. Mtoto anayejua kutofautisha hasira na aibu amepiga hatua kubwa. Dakika tano za somo la Kiswahili zinatosha kuuliza: "Mhusika huyu alijisikiaje? Wewe ungefanya nini?"

Pili, kazi za vikundi ziwe na majukumu yanayobadilishana: mwenyekiti, mwandishi, mtunza muda, msemaji. Mtoto mkimya apate zamu ya kusema, na msemaji hodari apate zamu ya kusikiliza.

Tatu, ugomvi ugeuzwe kuwa somo. Wagombanao watulie kwanza. Kisha kila mmoja aeleze bila kukatizwa, arudie alichokisema mwenzake, na wote wapendekeze suluhu. Utaratibu huu hauwahusu mtoto anayeonewa na yule anayemwonea. Huyo anahitaji kwanza kulindwa.

Nne, kosa lilipwe kwa kurekebisha. Aliyevunja dawati ashiriki kulitengeneza, na aliyechelewa aulizwe sababu kabla ya kuadhibiwa. Huenda jibu likawa ni ndege wa shambani, na hapo wa kuzungumza naye ni mzazi.

Nyumbani nako mzazi hahitaji elimu kubwa. Amsikilize mtoto bila kumkatiza, amwombe radhi anapomkosea, na asimwambie mvulana kwamba mwanamume halii. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema. Nao walimkunja kwa mkono laini, asivunjike.

Stadi hazichukui nafasi ya tiba

Mtoto mwenye ugonjwa hatapona kwa kufundishwa kuvuta pumzi. Mwalimu au mzazi atafute msaada anapoona huzuni au hasira isiyo ya kawaida iliyodumu wiki mbili au zaidi, kujitenga, kukosa usingizi au hamu ya kula, kushuka ghafla kwa maendeleo, alama za kujidhuru, au maneno kama "heri nisingekuwepo". Kumuuliza mtoto waziwazi kama anafikiria kufa hakumpandikizii wazo hilo. Humfungulia njia ya kusema. Asiachwe peke yake, na apelekwe mara moja kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ambayo itampa rufaa inapobidi. Katika maeneo ya kilimo, viuatilifu vifungiwe kwa kufuli, mbali na mikono ya watoto. Tahadhari hiyo ndogo huokoa maisha. Mtoto anayefanyiwa ukatili, au mtu anayemjua, anaweza kupiga simu bila malipo namba 116, au kufika Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Shule inaweza kuanza Jumatatu ijayo, bila bajeti wala mwalimu mpya. Walimu wakubaliane jambo moja: kwa muhula huu, kila mwanafunzi mwenye kosa ataulizwa kwanza "kumetokea nini?" na atasikilizwa hadi mwisho. Majibu yaandikwe, na mwisho wa muhula yasomwe katika kikao cha walimu na wazazi. Shule itakuwa imeanza kuwajua watoto wake, na watoto watakuwa wameonyeshwa kwa vitendo kile tunachotaka wajifunze.