Kocha, Mteja na Amana ya Siri

Neno "kocha" tulilizoea viwanjani, likimtaja mwenye kuandaa timu ya kandanda. Siku hizi limeingia maofisini na majumbani pia. Kocha wa aina hii huketi na mfanyabiashara, meneja au kijana aliyehitimu, akamsaidia kupambanua alitakalo na njia ya kulifikia. Miongoni mwa walioifungua njia hii ni Mmarekani Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1974 kilieleza jinsi mchezaji anavyozuiwa na wasiwasi wa nafsi yake. Mwaka 1995 likaundwa shirikisho la kimataifa la makocha, International Coaching Federation, ambalo limeweka maadili ya kazi hii.

Kocha hauzi majawabu. Mshauri wa biashara hutoa rai, na tabibu hutoa dawa. Kocha huuliza na kusikiliza mpaka mteja mwenyewe aone. Kwa hivyo mteja asipomwamini hatasema la moyoni, na asiposema, kikao huwa ni gumzo la kulipia. Mwambao wetu unaijua amana ya namna hii tangu kale. Bibi zetu walimkabidhi somo mwari pamoja na siri zake, na somo mwema hakuzitoa barazani.

Ugumu ni kwamba miji yetu ni ya kujuana. Mteja wa leo huenda ni jirani wa ukuta mmoja, na mtakutana arusini Jumamosi. Aghalabu wateja huja kwa sifa ipitayo midomoni mwa watu, na midomo hiyohiyo hutangaza siri iliyovuja.

Mtihani mkubwa huja pale alipaye asipokuwa yule aketiye kikaoni. Mathalan, baba amemlipia mwanawe vikao sita baada ya kijana kuacha kazi. Baada ya kikao cha pili baba anapiga simu: "Mwanangu amekwambia nini?" Kocha akinyamaza, baba ataona fedha zake zimepotea, akisema, kijana hatarudi, au atarudi na uongo.

Jawabu la simu hiyo lapasa kutolewa kabla ya kikao cha kwanza. Watatu hao waketi pamoja na kuandika mapatano: malengo ni yapi, vikao ni vingapi, ada ni kiasi gani, na baba ataelezwa nini. Anaweza kuambiwa kama mwanawe anahudhuria. Maendeleo atayaeleza kijana kwa ulimi wake. Yasemwayo kikaoni ni ya kijana. Hata hivyo, aelezwe mapema kuwa siri ina mpaka: pakiwa na hatari ya kujidhuru au kudhuru wengine, au sheria ikilazimisha, kocha hatanyamaza.

Sheria nayo imo. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, habari za afya, ndoa, mali na familia ya mtu huhesabiwa kuwa nyeti. Hizo ndizo zinazojaa katika daftari la kocha. Basi aandike machache yatoshayo, afungie daftari kabatini, na asiweke maelezo ya vikao katika simu ambayo watoto huichezea.

Pana pia mipaka ya ukaribu. Ukiombwa kumhudumia shemeji yako, ni afadhali umpeleke kwa mwenzako wa kazi, kwani mkigombana mezani hamtajua kama ni kikao au ujamaa. Mteja akionyesha dalili za sonona, anahitaji tabibu. Akiwa na mgogoro wa mirathi, anahitaji wakili au Mahakama ya Kadhi. Kumwambia hivyo waziwazi hakumpotezi. Humwonyesha kuwa wajali hali yake kuliko ada yake.

Mwisho, vikao vilivyoahidiwa vikitimia, kaeni mpime yaliyofikiwa, kisha umwache aende. Kumfunga mteja kwa vikao visivyo na haja ni kula fedha yake. Aliyeondoka akiweza kujiamulia mambo yake hatakuwa na haja ya kurudi upesi, lakini jirani yake akikwama, atamtajia jina lako.