Fahamu: Kuridhika kazini kwa mwalimu wa muziki

Ni hali ya mwalimu kuona kazi yake ina maana na inathaminiwa. Mwaka 1959, Frederick Herzberg wa Marekani alitenganisha mambo mawili: mafanikio na kutambuliwa humridhisha mfanyakazi, ilhali mshahara mdogo na mazingira mabovu humkera.

Muziki uko wapi shuleni?

Mtaala wa Tanzania ulioanza Januari 2024 unauweka ndani ya somo la Sanaa na Michezo kuanzia darasa la tatu. Kwa miaka mingi, walimu wa fani hiyo wamefunzwa katika Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza.

Fedha za shule zimekatwa?

Si kwa tangazo. Ruzuku ya shule ya msingi ya serikali, iwe Isikizya wilayani Uyui, Tabora, au Dar es Salaam, ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka katika Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) wa 2002. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kiwango kilibaki kilekile. Kupanda kwa bei za dukani ndiko kulikokata thamani yake. Tena 4,000 kati ya hizo zilitengwa kwa ajili ya vitabu, hivyo shule ya watoto 400 ilibaki na 200,000 kwa mwezi: chaki, mitihani, ukarabati. Ngozi ya ngoma ikipasuka, inasubiri.

Mwalimu anabaki na nini cha kumridhisha?

Ubunifu, kwanza. Manyanga ya Kinyamwezi hutengenezwa kwa vibuyu na mbegu, bila kinanda wala umeme. Kisha kuonekana: mwaka 2022 Tabora ilipokea mashindano ya kitaifa ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na sekondari (UMISSETA), ambako kwaya na ngoma hushindanishwa pia.