Watoto Wako Ndio Wenye Shamba Kesho: Wafundishe Kulitunza Leo

Bwana Mkulima, na wewe Mama wa nyumbani, mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo lisilohitaji mkopo wala trekta. Ni habari ya watoto wenu na ardhi mnayokaa juu yake.

Watu wengi hudhani kwamba kutunza ardhi ni kazi ya Serikali, au ya Bwana Shamba na Bwana Misitu. Walakini, tazama ni nani aliye nje kutwa. Mtoto ndiye achotaye maji mtoni, ndiye achungaye mbuzi, ndiye aokotaye kuni, na ndiye atumwaye kutupa takataka. Kama hakufundishwa, kila siku huharibu kidogo bila kujua. Kama amefundishwa, kila siku hutengeneza kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho chaweza kuwa cha hasara au cha faida.

Kwa nini jambo hili latuhusu sisi

Wazee wa Bonde la Lambwe wanakumbuka vizuri kwamba zamani sehemu kubwa ya bonde hilo haikukalika kwa sababu ya mbung'o. Mdudu huyu hupenda vichaka vyenye kivuli, naye ndiye aletaye malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kufanya nchi ikalike ilikuwa kufyeka vichaka. Baba na babu zetu walifundishwa kwamba panga ndilo linaloleta afya, nao hawakukosea. Kazi hiyo pamoja na dawa na mitego imezaa matunda: mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma nchini Kenya. Hata hivyo mbung'o hawajaisha, nao bado husumbua mifugo karibu na Hifadhi ya Ruma.

Lakini panga halikujua mahali pa kusimama. Lilipita vichaka likaingia kwenye miti mikubwa ya vilimani, kwa ajili ya makaa, kuni, mbao, na kukausha tumbaku. Leo vilima vya Gembe na Gwassi vimepoteza miti mingi. Mvua ikinyesha, maji hayapati kitu cha kuyazuia. Huteremka kwa nguvu na kuchukua udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba. Kule Nyatike, mto Kuja hufurika na kuingia mashambani na majumbani. Na wasichana wetu hutembea mbali zaidi kutafuta kuni, wakati ambapo wangekuwa wanasoma.

Basi kizazi kilichofundishwa kufyeka sharti kifundishe kizazi cha kupanda. Tena wapande kwa akili, wasirudishe vichaka vya mbung'o karibu na nyumba na mahali pa kuchotea maji. Mti mmoja mmoja uliosimama vizuri na kupogolewa chini si kichaka. Mti huo waweza kuwapo, na bonde likabaki na afya.

1. Kila mtoto na mti wake

Mpe kila mtoto mti wake mwenyewe, naye auite kwa jina lake. Mti wa wote hauna mwenyewe. Mbuzi akiula, kila mmoja husema hakuona. Mti wa mtoto una mlinzi.

Mti wa siala wafaa sana katika sehemu zetu. Mbegu zake ni nyepesi, zina mbawa, na watoto huzikusanya kwa furaha. Zisizikwe chini sana. Zifunikwe kwa udongo mwembamba tu na kunyunyiziwa maji asubuhi na jioni. Kwa chakula cha ng'ombe, jaribu kaliandra, ambayo mbegu zake hulowekwa katika maji baridi usiku na mchana mara mbili kabla ya kupandwa. Badala ya kununua mifuko ya kitalu, watoto waweza kutumia magamba ya mgomba yaliyofungwa kwa kamba. Magamba hayo huoza ardhini, na mche hupandwa pamoja nayo.

Miche ipelekwe shambani mvua za masika zinapoanza vizuri, nayo izungushiwe miiba. Mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi wala kando ya mto, maana hunywa maji mengi.

Sasa tufanye hesabu. Jamaa mwenye watoto watatu, kila mtoto akipanda miti miwili katika mvua za masika na miwili katika mvua za vuli, kwa mwaka mmoja ni miti 12. Kwa miaka 10 ni miti 120. Hata nusu ikifa, inabaki 60. Kumbuka pia kwamba kanuni za kilimo za mwaka 2009 zinamtaka kila mkulima awe na miti katika sehemu ya kumi ya shamba lake. Mwenye ekari 5 anatakiwa kuwa na nusu ekari ya miti, nayo yaweza kuwa mipakani na kando ya boma bila kupunguza mahindi. Watoto wako waweza kukutimizia sharti hilo.

2. Takataka si kitu kimoja

Wafundishe watoto kugawa takataka mara tatu. Fungu la kwanza ni vitu vinavyooza, yaani maganda ya ndizi na viazi, majani, mabua na samadi. Fungu la pili ni majivu. Fungu la tatu ni plastiki, chupa na vyuma.

Vitu vinavyooza viende kwenye shimo la mboji. Viwekwe kwa tabaka: mabua yaliyokatwakatwa, majani mabichi, samadi, majivu kidogo, udongo, kisha uanze tena. Chomeka fimbo ndefu katikati hata ifike chini. Kazi ya mtoto ni kuichomoa fimbo hiyo kila baada ya siku chache na kuishika. Ikiwa ya moto na yenye unyevu, mboji inapikika. Ikiwa kavu, aongeze maji. Ikiwa baridi, mwambie baba kwamba mboji yataka kugeuzwa. Hakuna mtoto asiyependa kazi hii. Baada ya miezi mitatu hivi utapata mbolea nzuri ya sukuma wiki bila kutoa shilingi.

Plastiki haiozi. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, lakini bado zipo chupa na karatasi za plastiki zinazotupwa ovyo. Ng'ombe au mbuzi akila plastiki, hukwama tumboni, naye hukonda na hata kufa. Mvua huichukua na kuipeleka mtoni, na mto huipeleka ziwani kwa samaki. Tundika gunia mahali pamoja, na watoto watie humo. Plastiki isichomwe jikoni, maana moshi wake una sumu.

3. Vita ya kayongo

Kila mkulima wa Homa Bay na Migori ajua kayongo, gugu lile lenye maua mazuri ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama. Uzuri wake ni udanganyifu. Mmea mmoja waweza kutoa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, nazo hukaa ardhini miaka mingi zikingoja mahindi yapandwe. Kwa hiyo anayeng'oa kayongo moja kabla haijatoa mbegu ameokoa shamba la miaka ijayo.

Macho ya watoto ni makali. Jumamosi asubuhi wapitishe kwenye mistari ya mahindi, washindane nani ataleta kayongo nyingi. Iliyokwisha kutoa maua isitupwe kwenye mboji wala isipewe ng'ombe; ikaushwe na kuchomwa mahali pamoja.

Tena kuna dawa isiyo ya chupa. Wataalamu wa wadudu wa kituo cha icipe, kule Mbita, pamoja na wenzao wa Uingereza, walivumbua njia ya kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, na nyasi za nepia kuzunguka shamba. Desmodiamu hufukuza nondo ambao funza wao hutoboa mabua, na mizizi yake huzuia kayongo isishike mahindi. Nepia huwavuta nondo hao nje ya shamba. Na yote mawili ni chakula cha ng'ombe. Mtoto akipewa kazi ya kukata desmodiamu ya ndama, atajifunza mambo haya kwa mikono yake.

4. Maji na usafi

Tengenezeni kibuyu chirizi karibu na choo. Chukua mtungi wa lita 5, mzazi atoboe tundu dogo kwa msumari wenye moto, mtungi utundikwe kwenye mti uliolala juu ya nguzo mbili. Funga kamba shingoni mwake, na mwisho wa kamba ufunge kijiti cha kukanyagwa kwa mguu. Mtoto akikanyaga, mtungi huinama na maji huchirizika kidogo kidogo. Mikono haishiki mtungi, maji hayapotei, na ugonjwa wa kuhara na kipindupindu hupata kizuizi. Maji yanayoanguka chini yanyweshe mpapai au migomba.

Watoto wakatazwe kabisa kwenda haja karibu na mto au chemchemi, na kufulia ndani ya mto. Wachote maji, wafulie kando, na wayamwage mbali kwenye majani.

5. Moto na kuni

Moto mwingi wa nyikani huanza kwa mkono mdogo. Mchungaji huchoma nyasi ili majani mapya yaote, au huoka mahindi na kuacha makaa. Upepo ukiamka, moto huchoma malisho ya jirani na miche ya msimu mzima, au huingia katika Hifadhi ya Ruma. Humo ndimo mahali pekee nchini Kenya ambapo mnyama aitwaye korongo bado anaishi porini, nao wamebaki wachache sana. Mwambie mtoto wako kwamba mtu wa Kenya akitaka kuwaona korongo porini, hana budi kuja kwetu. Akijua hivyo, hatachezea kiberiti.

Nyumbani, kazi ya jioni ya mtoto iwe kuloweka maharagwe na mahindi ya nyoyo. Nafaka iliyolala katika maji huiva upesi. Kuni zipasuliwe na kukaushwa, na sufuria ifunikwe. Mambo haya matatu hupunguza kuni, na hupunguza safari ya binti yako.

6. Viumbe vidogo

Manati yawekwe chini. Ndege wengi hula viwavi, na bundi, ambaye watu humwogopa bure, hukamata panya wa ghalani usiku kucha. Nyuki nao huzalisha maembe na alizeti kwa kubeba chavua. Mtoto asitie moto mzinga wala kuvunja viota.

Kazi zisizofaa watoto

Hapa twataka msomaji asikilize sana. Tunaposema kazi, hatusemi kumfanya mtoto mtumwa. Nusu saa kabla ya giza yatosha siku za shule. Na kazi nyingine ni marufuku kabisa:

Mtoto asishike dawa ya kuua wadudu, asinyunyize, wala asichezee chupa iliyokwisha. Chupa hiyo isitumiwe kuwekea maji au maziwa hata ikioshwa mara kumi.

Mtoto asiende kwenye machimbo ya dhahabu, kama yale ya Macalder. Zebaki inayotumika kushika dhahabu ni sumu ya ubongo, na mvuke wake hauonekani. Ikiingia majini huingia katika samaki.

Mtoto asivune majani ya tumbaku, hasa yakiwa na umande. Sumu yake hupenya ngozi na kuleta kizunguzungu na kutapika.

Shuleni na nyumbani

Shule nyingi zina vyama vya 4K, na maana yake ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Wazee wengi walikuwa wanachama walipokuwa wadogo. Vyama hivi vilizorota kwa miaka mingi, na mwaka 2021 Serikali ikavifufua. Uliza mwalimu kama shule yenu inacho. Lakini shule peke yake haitoshi. Mtoto akifundishwa mboji shuleni, kisha akamwona baba yake akichoma mabua yote, atafuata alichokiona nyumbani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Usijaribu kuanza mambo yote kwa siku moja. Mwezi huu chagua moja tu. Kama huna kibuyu chirizi, anza nacho. Kama kayongo imeota, anza na kayongo. Mwezi ujao ongeza la pili. Kama unataka mbegu za miti au maelezo ya desmodiamu, nenda ofisi ya kilimo ya wadi yako, na umchukue mtoto aende nawe, asikie kwa masikio yake.

Shamba ulilopimiwa halitaongezeka hata ekari moja. Watoto wataongezeka, na siku moja watalisimamia wao. Ukiwaachia udongo wenye rutuba, miti mipakani na chemchemi isiyokauka, wataweza kuishi juu yake hata likiwa dogo. Ukiwaachia mawe na makorongo ya mmomonyoko, hati ya shamba haitawashibisha.